Rimoti ya Mdomo wa Simba

Rimoti ile ilikuwa na vitufe thelathini na viwili. Nilivihesabu mara mbili, kwanza kwa sababu ndivyo nilivyo, na pia kwa sababu mwaka ule sikuwa na kazi nyingine. Kati ya hivyo vyote nilihitaji kimoja tu, na hicho kimoja mkono wangu haukuweza kukibonyeza.

Aliyeniomba niandike haya ni mama wa mazoezi kule hospitalini. Alisema wagonjwa wanaoketi kwenye benchi lake husikia maneno ya daktari wakaitikia kwa kichwa, lakini hawaamini. Labda wangemwamini mtu aliyewahi kukaa benchi hilo hilo. Nikamwambia mimi ni mfanyabiashara wa mbuzi, kuaminiwa sijazoea. Akasema niandike tu.

Basi mimi ni Musyoka, wa Tawa. Kabla ya kuugua nilikuwa nikinunua mbuzi Nuu, nilikozaliwa, na kuwauza Malili kwa wenye hoteli za nyama choma kando ya barabara kuu. Runinga nayo niliipata Malili, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kutoka kwa dereva wa lori aliyekuwa akitoka Mombasa. Ilikuwa ndogo, ya kutumia betri ya gari. Tulipatana kwa mbuzi wanne. Tulipokwisha kushikana mikono nikaona rimoti iko mfukoni mwake, na akaniambia hiyo ni biashara nyingine. Nikamwongezea jogoo. Nyumbani, mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, aliuliza kifaa hicho ni cha nini na runinga yenyewe iko hatua tatu kutoka kwenye kiti. Nilizipima zile hatua. Zilikuwa nne, na nikamwambia hivyo nikijiona nimeshinda.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, tumbo liliniharisha wiki nzima, likapona, nikashukuru Mungu na kurudi kazini. Jumatatu nyayo zikawa kama zimekanyaga pamba. Jumanne magoti yakaanza kunisaliti. Jumatano nilianguka katikati ya soko nikiwa nimeshika kamba ya mbuzi, na mbuzi ndiye aliyebaki amesimama. Watu walisema nimelewa. Mimi ni mtu wa kanisa, pombe sijui hata ladha yake, na neno lile liliniuma kuliko goti. Kufikia Ijumaa mikono nayo ilikuwa imekwenda, na sauti ikabaki nyembamba kama ya mtu anayenong'ona wakati wa mahubiri.

Ya hospitali nitayapitia haraka. Wodi yetu ilikuwa na mbao sitini na nne kwenye dari. Mara ya pili nilipata sitini na tatu, na tofauti hiyo ilinisumbua mpaka Krismasi. Msimu wa maembe ulinipita nikiwa nimelala chali. Mke wangu alikuwa akinikatia vipande vidogo, na maji ya embe yakitiririka mpaka sikioni nilibaki nayo hivyo, kwa maana mtu asiye na mikono huona haya kuomba kupanguswa mara ya tatu. Kulikuwa na mama mmoja wa kufagia. Kila asubuhi alisimama kitandani kwangu, akanikuna pua bila kuambiwa, akaendelea na ufagio wake. Jina lake sikulijua. Wauguzi waliniokoa maisha na nawashukuru, lakini ninayemkumbuka kwenye sala ni huyo wa pua.

Daktari aliniruhusu kwenda nyumbani mvua za Aprili zilipoanza. Alisema nguvu zitarudi, lakini zitachukua mwaka, labda miwili. Nikamuuliza kama huo mwaka mmoja ndiyo bei yake ya mwisho. Hakucheka. Wakati huo naweza kusema nilikuwa na shingo nusu, na mkono wa kulia unaoweza kuinuka kidogo na kuanguka. Vidole vilikuwepo, kumi, lakini kwa hesabu tu.

Kama una mgonjwa wa aina hii nyumbani, nakuambia jambo ambalo hospitalini hakuna aliyenitajia. Ugonjwa wenyewe haukunivunja moyo kama kuita. Nzi akitua, unaita. Jua likifika machoni, unaita. Mguu umekaa vibaya, unaita, na ukishasogezwa unagundua ulikuwa afadhali pale mwanzo. Mke wangu alikuja kila mara. Binti yetu Mwende alikuwa shule ya bweni, na likizo hiyo darasa lao lilibakizwa shuleni kwa masomo ya ziada, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili tu. Siku moja mke wangu aliniletea chai, nami nikamwambia imezidi moto. Akakiweka kikombe chini polepole sana.

"Arobaini na moja," akasema.

"Nini?"

"Unafikiri ni wewe tu unayehesabu, Baba Mwende? Umeniita mara arobaini na moja, na bado sijaweka sufuria ya muthokoi motoni."

Alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba. Nilimsikia akipenga kamasi. Nilitaka kumwita nimwombe msamaha, lakini hiyo ingekuwa arobaini na mbili.

Mambo yalikuja kukaza mwishoni mwa mwezi huo. Mke wangu alikuwa amepewa muhula mmoja wa ruhusa, na mwalimu mkuu akatuma neno kwamba muhula wa pili asipofika, nafasi yake itapewa mwingine. Kaka yangu mkubwa, Mutua, akaja kutoka Nuu. Mutua si mtu mbaya. Alikaa, akanywa chai, akasema alichokuja kusema. Huko nyumbani kwao kuna watu kumi na mmoja, hakuna saa mgonjwa atakosa mtu. Mwalimu abaki Tawa afundishe, mimi niende Nuu.

Kwa masikio ilikuwa busara tupu. Lakini baba yetu alipolemewa ndivyo alivyopelekwa kwenye chumba kile cha nyuma kule Nuu, na ami yangu baada yake, na sikumbuki yeyote aliyetoka humo akitembea. Halafu kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulisema. Miezi sita nilikuwa nimeshikilia kitu kimoja tu, nacho ni kwamba jioni mlango ukifunguliwa, anayeingia ni mke wangu. Nikienda Nuu nitapona bila yeye au nitakufa bila yeye, na sikuona tofauti kubwa.

Nikamwambia Mutua anipe wiki moja. Akasema wiki moja ya nini, na mtu hawezi hata kufukuza kuku? Tukapatana pale pale, yeye amesimama na mimi nimelala. Mwishowe masharti yalikuwa haya: shule ikifunguliwa, nikae peke yangu kutoka Jumatatu hadi Ijumaa. Mwalimu akitolewa darasani hata mara moja kwa ajili yangu, Jumamosi pikapu inanichukua. Asipotolewa, nabaki. Baadaye mke wangu aliniuliza nimemuuzia Mutua nini hasa.

Jibu lilikuja kwa bahati. Wakati huo vipindi vya runinga vilianza jioni. Mchana ukiiwasha ilikuwa ni chenga tupu, zile punje nyeupe zinazocheza kwenye kioo, na kelele yake ya kukwaruza. Siku moja mke wangu akipangusa vumbi aliiwasha kwa makosa, sauti ikiwa juu kabisa. Ng'ambo ya barabara Mama Syombua, fundi wa nguo, akasimamisha cherehani yake na kupaza sauti:

"Nyinyi watu, leo mnakaanga nini?"

Mke wangu aliizima, akaniangalia, nami nikamwangalia. Sauti yangu haikufika hata jikoni. Ile ilikuwa imevuka barabara.

Rimoti basi ikaletwa. Lakini ngumi yangu ilishuka kama mchi, ikagonga vitufe sita kwa pamoja, na runinga ikachanganyikiwa ikakaa kimya. Ndipo akaitwa shemeji yangu Mbithi, mchongaji wa vinyago vya kuuzia watalii. Nikamweleza ninachotaka. Achonge ganda la mbao la kuivika rimoti nzima, vitufe vyote vifunikwe isipokuwa cha kuwasha na kuzima. Juu ya hicho asimamishe kijiti kinene chenye kichwa kipana, ngumi ikiangukia popote pale itakipata. Akavipima vitufe kwa uzi, akaondoka nayo. Alirudi baada ya siku nne, Jumamosi ya kabla ya shule kufunguliwa.

Alichoniletea kilikuwa simba. Amelala, mkia umezunguka, mgongoni kile kijiti kimetokea kama nundu, na mwili mzima umepakwa rangi ya viatu mpaka unang'aa. Nikamwambia mimi niliagiza ganda. Mbithi akajibu kwa upole kwamba tangu aanze kazi hajatoa mti mkononi mwake bila kuutia uso, na hangeanza na mgonjwa.

Tulimfunga kwenye mkono wa kiti kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, kichwa kikielekea runinga. Niliinua ngumi, nikaiachia. Kijiti kikashuka vizuri kabisa. Hakuna kitu. Nikajaribu tena. Wakabadilisha betri ndogo. Mbithi akaitoa rimoti ndani ya simba, akabonyeza kwa kidole, runinga ikawaka. Akairudisha, ikakataa. Mama Syombua, aliyekuwa amekuja kushuhudia, akasema labda mti wa namna hiyo hausikilizani na umeme. Mke wangu alikuwa amekaa na orodha ya darasa lake mapajani, na niliona ameikunja katikati.

Saa mbili nzima tulihangaika. Mimi nikiwa nimechoka na nimejaa uchungu nikaanza kumkosoa yule simba, kama nifanyavyo sokoni nikitaka bei ishuke. Nikasema ni mnyama gani huyu nisiyeweza kumjua umri. Ukiniletea mbuzi, neno la kwanza ni kumfungua mdomo nihesabu meno. Huyu amefumba kama mwenye kuficha jambo.

"Nikikufungulia utanyamaza?" Mbithi akauliza.

"Fungua kwanza."

Akachukua patasi kwa hasira, akamtoboa mdomo pale pale, vipande vikianguka mkekani. Alichimba mpaka akafika kwenye pua ya rimoti, ile sehemu nyeusi inayong'aa ya mbele. Akarudi nyuma kunionyesha meno. Niliangusha ngumi ili kumwambia yatosha, ikaangukia kijiti, na nyumba ikajaa kelele za chenga.

Tulikuwa watu wanne na hakuna aliyejua kwamba ile rimoti huona kwa mbele. Sisi tulikuwa tumeifumba macho kwa uso mzuri wa simba. Kwa hiyo wewe utakayejaribu jambo hili, funika kila mahali lakini pua ya mbele iache wazi.

Jumatatu mke wangu aliniweka kitini, akasokomeza gunia chini ya mapaja ili nisiteleze, akapandisha sauti ya runinga mpaka mwisho, akaizima, na kwenda. Mapatano na Mama Syombua yalikuwa mepesi: akisikia chenga, aje. Siku hiyo nilimwita mara mbili, kwa ajili ya maji na kwa ajili ya kuku. Jumanne mara moja. Nilianza kujiona mjanja.

Jumatano mke wangu aliamka amechelewa. Alinikalisha kwa haraka, akauliza kama niko sawa, nami nikamwambia aende tu, kengele italia. Gunia lilibaki sakafuni. Nililiona akiwa mlangoni. Ningeweza kusema. Lakini nilitaka afike mapema, na nilitaka pia niwe mtu ambaye hajaita kabla watu hawajamaliza kiamsha kinywa.

Nilianza kuteleza karibu saa tano. Kwanza kidogo, kama mtu anayejinyoosha. Kiti chetu kilikuwa cha ngozi bandia, na kwenye joto kile kiti huwa na mapenzi yake. Niliinua ngumi, nikaiangusha mgongoni mwa simba, nikasubiri chenga.

Hazikuja. Zilikuja tarumbeta.

Siku hiyo kulikuwa na mgeni wa serikali Nairobi, na watu wa runinga walikuwa wameamua kuonyesha mapokezi yake mchana. Bendi, askari wanatembea, kwaya, halafu mtu anasimulia kwa sauti nzito. Nyumba nzima ilikuwa inatetemeka. Na mimi nikaelewa hapo hapo kwamba ng'ambo ya barabara Mama Syombua anasikia muziki, na anamwambia mteja wake, huyo Musyoka leo anajiburudisha.

Niliteleza tena. Makalio yakatoka kwenye ukingo, mgongo ukakunjika, kidevu kikashuka kifuani. Shingo yangu ya nusu haikuweza kukiinua. Hewa ikawa inaingia kama kupitia tundu la sindano. Nikaita. Sauti niliyoitoa hata mimi sikuisikia, kwa kuwa askari walikuwa wanapigiwa saluti. Ngumi ilikuwa imebaki juu, mbali, haina tena mahali pa kuangukia.

Nilihesabu pumzi. Nilihesabu mara ya pili na zilikuwa zimepungua. Nilifikiria ile pikapu, na kwa mara ya kwanza nikaiona kama jambo zuri.

Kitu kimoja kilinisaidia, nacho ni huko kuteleza kwenyewe. Simba sasa alikuwa usawa wa shavu langu. Nikausukuma uso kuelekea kwake mpaka mfupa wa shavu ukakanyaga kijiti. Kimya. Nikakanyaga tena. Tarumbeta. Basi nikafanya ninachojua. Nikazima, nikawasha, mara mbili. Nikapumzika. Mara mbili tena. Nikapumzika. Kila nilipopumzika giza la pembeni ya macho lilisogea kidogo. Sijui nilifanya hivyo mara ngapi, na hiyo ndiyo hesabu pekee maishani mwangu ambayo sikuirudia.

Mlango uligongwa ukafunguka. Mama Syombua alikuwa na futi ya kupimia shingoni na pini mdomoni. Alizitema, akanishika kwapani, akainua. Hakuweza. Akanishikilia pale pale nisianguke zaidi, na angalau kidevu kikatoka kifuani.

"Namwita mwalimu," akasema.

"Hapana."

"Musyoka, mimi siwezi kukuinua."

"Usimwite."

"Ukifia mikononi mwangu nitamwambia nini Mama Mwende?"

"Mwambie nilikataa bei."

Aliniita jina ambalo mama wa kanisa hapaswi kulijua. Halafu akaniangalia kama anavyoangalia kitambaa kidogo kilicholetwa kwa gauni kubwa. Akavua leso yake ya kiunoni, akaipitisha chini ya kwapa zangu, akaenda nyuma ya kiti, akakanyaga mguu wa kiti na kuvuta kwa uzito wake wote. Nilipanda kama ndoo kisimani. Akaifunga leso kwenye mgongo wa kiti mafundo mawili, akaketi sakafuni, wote wawili tukihema huku kwaya ikimwimbia mgeni.

Nikamuuliza alijuaje. Akasema alidhani betri ya gari inakufa. "Lakini betri hufa mara moja," akasema. "Hii ilikuwa inakufa mbili-mbili. Nikasema, huyo ni yule mtu wa kuhesabu mbuzi."

Jioni nilimweleza mke wangu kila kitu, hata gunia nililoliona nikanyamaza. Hakunigombeza. Alikaa akitazama leso iliyonikata kifuani, akasema kama ni kufa, si pale kitini kwa ajili ya kumridhisha Mutua. Alhamisi alikuwa hataki kwenda. Mama Syombua akaja alfajiri na mkanda wa turubai alioushona, wenye kifungo cha mkoba wa zamani, akanifunga nao, akamwambia Mama Mwende kwamba chenga au tarumbeta, yeye sasa anasikiliza hesabu. Mke wangu akaenda.

Mutua hakungoja Jumamosi; Ijumaa alasiri alifika na pikapu, ina godoro tayari nyuma. Nilipenda kumficha ya Jumatano, lakini Mama Syombua alimwambia kabla sijapata sentensi. Mutua aliuliza swali moja tu: mwalimu alitolewa darasani? Akaambiwa hapana. Akatoka nje, akavuka barabara mwenyewe mpaka kwenye cherehani, akapaza sauti kwamba niite. Nikaangusha ngumi. Mara mbili. Akarudi, akamtazama simba mdomoni, akamgusa meno kwa kidole.

"Nitakuja kila mwisho wa mwezi," akasema. "Nikikukuta umekufa tutaongea." Akateremsha lile godoro, akatuachia.

Mbaazi zilipovunwa nilikuwa nasogeza vidole viwili. Msimu wa maembe uliofuata nilikula embe mwenyewe, vibaya sana, na hakuna aliyenipangusa. Leo natembea na fimbo, mkono wa kushoto haukunji vidole viwili, na yule simba yuko Malili kwa mama mmoja aliyepooza, ambaye mwanawe alitaka kumlipa Mbithi amtengenezee twiga. Nilimkataza. Shingo ndefu ingeangalia dari.

Lakini nikiulizwa nilipona lini, huwa sitaji fimbo. Nataja jioni ile ya Ijumaa, pikapu ikiwa imeshaondoka. Mke wangu alirudi kutoka shule, akaweka vitabu, akapika, akaosha vyombo. Halafu akaja akasimama mbele ya kiti changu akikausha mikono, uso umejaa wasiwasi.

"Baba Mwende, mbona kimya? Tangu niingie hujaniita."

"Najua. Nimehesabu."

"Ukapata ngapi?"

"Hakuna. Nimehesabu mara mbili."

Akavuta stuli, akaketi kando yangu bila kuitwa.